Kabla hujagusa kwataili: vitu vya kuweka sawa kwanza

Hii naiandika kwa ajili ya wadogo zangu mnaoingia form five na wale wa chuo mnaokutana na takwimu mara ya kwanza, ila pia kwa yeyote mwenye daftari la biashara, maana huku Kigoma nimeshaona hesabu ya takwimu ikimuumiza mtu mzima kabisa kwa sababu aliyeipiga hakujiandaa. Vipimo vya nafasi, yaani midiani, kwataili, desaili na pasentaili, sio vigumu jamani, formula yake unaishika kwa dakika kumi, shida iko kwenye yale ya kufanya kabla hujawasha kalikuleta, na hayo ndo watu wanayaruka.

Kwanza jua unauliza nini. Wastani unauliza hivi: tukikusanya vyote tukagawana sawa, kila mmoja angepata ngapi? Kipimo cha nafasi hakina habari na kugawana, chenyewe kinasema jipangeni foleni kuanzia mdogo mpaka mkubwa, afu kinaenda kumuangalia aliyesimama sehemu fulani ya foleni. Aliyesimama katikati ndo midiani, aliyesimama robo ya njia ni kwataili ya kwanza, robo tatu ya njia ni kwataili ya tatu, na ukiikata foleni mara kumi unapata desaili, mara mia pasentaili. Mwingereza mmoja, Francis Galton, mwaka 1875 alieleza kwamba ukitaka kujua urefu wa kundi la watu huna haja ya kumpima kila mmoja, wapange tu kwa urefu kama paredi ya asubuhi shuleni, afu mpime yule wa katikati na wale wa kwenye robo. Mi nikimfundisha mtu naanzia hapo hapo kwenye paredi, formula baadae.

Sasa kuna mtego hapa ambao sijaona ukisemwa vya kutosha na unatuhusu sisi hasa. Sisi tumekua na ripoti za shule zinazosema "nafasi ya 3 kati ya 52" na wa kwanza ni mwenye maksi nyingi, foleni inaanzia juu. Kwenye takwimu foleni inaanzia CHINI. Kwataili ya kwanza ni ile robo ya wenye namba ndogo, sio vinara. Nimeshakuta kijana anaandika kwamba wanafunzi wa kwataili ya kwanza ndo waliofaulu zaidi, na hesabu yake yote ilikuwa sahihi, maelezo tu ndo yamepinduka kichwa chini miguu juu. Kwaiyo kabla hujaanza andika juu ya karatasi "ndogo, mshale, kubwa" na usiufute mpaka umalize.

Na ukitaka kuihamisha ile nafasi ya shule iwe pasentaili hesabu walio nyuma yako. Mtu wa 12 kati ya 148 kawaacha nyuma 136, gawanya kwa 148 unapata kama asilimia 92, mtoto yuko juu kabisa. Mtu wa 12 kati ya 15 kawaacha watatu tu, asilimia 20. Wote wawili ni "wa 12" na mzazi mmoja atanunua soda, mwingine atagomba, wakati huo huo hatujui hata mmoja wao kapata maksi ngapi. Ndo maana pasentaili ya 60 na asilimia 60 ya maksi ni vitu viwili tofauti kabisa, unaweza kupata maksi 38 kwa 100 kwenye mtihani mgumu na ukawa pasentaili ya 90.

Twende kwenye data yenyewe maana hapa ndo kazi ilipo. Kuna mama mmoja mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, anashushia dagaa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, namheshimu sana, ni mtu anaandika kila kitu kwenye daftari la mistari tena kwa kalamu nyekundu. Alitaka mkopo wa kununua nyavu na taa za sola, mkopeshaji akachukua daftari akapiga wastani wa ndoo kwa usiku, akapanga marejesho juu ya huo wastani. Baada ya wiki chache mama akaja na daftari nyumbani, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, afu hata kukaa bado akaniambia, "Hii namba wanayosema ndo yangu mimi siioni. Kila siku niko chini yake. Niangalizie nani kaniibia." Nikaangalia. Hakuna aliyemuibia. Ndoo za usiku kumi na moja zilikuwa hivi kwa mpangilio aliouandika: 14, 3, 22, 9, 11, 7, 60, 12, 5, 10, 9.

Jumla 162, gawa kwa 11, wastani ni 14.7. Sasa zipange: 3, 5, 7, 9, 9, 10, 11, 12, 14, 22, 60. Ziko 11, ukiongeza moja ni 12, robo yake ni 3, kwaiyo kwataili ya kwanza ni namba ya tatu, ambayo ni 7. Midiani ni ya sita, 10. Kwataili ya tatu ni ya tisa, 14. Umeona? Wastani wa 14.7 uko juu ya kwataili ya tatu! Katika usiku kumi na moja ni usiku miwili tu aliyoufikia huo "wastani wake", wa 22 na ule wa 60, na huo wa 60 ni usiku ule ziwa liliamua kutoa, haupangiwi mkopo. Mama alikuwa sahihi kusema haioni hiyo namba, haipo kwenye maisha yake ya kila siku.

Toa ile 60 uone kinachotokea. Wastani unadondoka toka 14.7 mpaka 10.2, midiani inasogea toka 10 mpaka 9.5 tu. Mtu mmoja mkubwa mwishoni mwa foleni hata akirefuka mara kumi hamsogezi aliyesimama katikati. Hiyo ndo nguvu ya hivi vipimo na ndo sababu nataka watu wavijue, hasa huku kwetu ambako kipato cha mtu kinakuja na ziwa au na mvua.

Kwaiyo jambo la kuzingatia, na naomba ulishike kuliko yote: PANGA KWANZA. Usichukue namba zilivyo kwenye daftari. Ukienda na mpangilio wa mama ulivyo, ya tatu ni 22 na ya tisa ni 5, robo ya chini imekuwa kubwa kuliko robo ya juu, kitu ambacho hakiwezekani. Hapo una bahati kosa linajionyesha lenyewe, siku nyingine halijionyeshi na unaenda kukabidhi. Ukishapanga hesabu tena ziko ngapi, maana wakati wa kuhamisha namba zinazojirudia, kama hizo 9 mbili, mkono unapenda kuandika moja. Namba ikijirudia inasimama kwenye foleni mara zote ilizotokea, usiiunganishe.

Kabla hata ya kupanga kuna swali la sifuri, na hili halimo kwenye maswali ya darasani ila mwaloni lipo kila mwezi. Usiku wa mbalamwezi kipe hakitoki, taa haivuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka, watu wanasubiri giza. Ule usiku unaandika sifuri au unauacha wazi? Ukiingiza sifuri nne kwenye data ya mama foleni inakuwa ya 15, kwataili ya kwanza ni ya nne, ambayo ni sifuri, na midiani inashuka mpaka 9. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sawa, inategemea swali. Ukiuliza "kipe kikitoka kinaleta ngapi" sifuri za mbalamwezi hazimo. Ukiuliza "mama anaingiza ngapi kwa usiku, awe ametoka au hajatoka", zimo zote, maana watoto wanakula hata mbalamwezi ikiwepo. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mtu anayechanganya hiyo miezi mitatu na miezi ya kawaida bila kusema atapata kwataili za ajabu. Sifuri ya "nilitoka nikakosa" na ya "sikutoka" zitenganishe kwenye daftari kwa alama, hata kistari tu kinatosha.

Halafu kubalianeni njia. Wengi hawajui kwamba kwataili ina njia zaidi ya moja ya kuipata, wakipata majibu tofauti na rafiki wanadhani mmoja kakosea. Data hiyo hiyo ya mama ukiiweka kwenye Excel ukatumia QUARTILE.EXC unapata 7 na 14 kama mimi, ukitumia QUARTILE.INC unapata 8 na 13. Zote ni njia halali, tofauti ni jinsi wanavyoihesabu ile nafasi kwenye foleni. Mwaka 1996 watakwimu wawili, Rob Hyndman na Yanan Fan, walizikusanya njia zinazotumiwa na programu za takwimu wakakuta tisa. Kwa mtihani fuata ya mwalimu wako, kwa kazi andika pembeni umetumia ipi. Data ikiwa nyingi tofauti inakuwa ndogo sana, kwenye namba 11 inaonekana.

Nafasi ikitoka na desimali usishtuke na usiikate. Zile kumi zilizobaki bila 60, ukiongeza moja ni 11, robo yake ni 2.75, maana yake uko kati ya wa pili na wa tatu, robo tatu ya njia. Wa pili ni 5, wa tatu ni 7, tofauti 2, robo tatu yake 1.5, jibu 6.5. Basi.

Data ya makundi ndo inaogopesha watu, ila ukiandaa jedwali vizuri haina shida. Chukua wanafunzi 40: maksi 1–20 wako 5, 21–40 wako 11, 41–60 wako 14, 61–80 wako 7, 81–100 wako 3. Kabla ya formula ongeza safu ya marudio limbikizi, yaani unajumlisha ukishuka: 5, 16, 30, 37, 40. Ya mwisho lazima ilingane na idadi ya wote, isipolingana simama hapo hapo. Robo ya 40 ni 10, mtu wa 10 yuko kundi la 21–40. Mpaka wa chini wa hilo kundi ni 20.5, katikati ya 20 na 21, sio 21, na upana wake toka 20.5 mpaka 40.5 ni 20, sio 19, haya makosa mawili yanakula maksi za watu kila mwaka. Waliotangulia ni 5, kwaiyo tunahitaji wengine 5 kati ya 11 waliomo ndani: 20.5 jumlisha tano ya kumi na moja mara 20, inakuja 29.6 hivi. Ukiangalia ni foleni ile ile, tumeingia tu ndani ya kundi tukatembea kidogo.

Kitu kingine, jiulize foleni yako ni ndefu kiasi gani na ni ya akina nani. Na usiku 11 usiniambie habari ya pasentaili ya 99, haipo, foleni haijafika huko. Na hao wa kulinganishwa nao ni akina nani? Mama mwenye mtoto mchanga akionyeshwa kliniki mchoro wa ukuaji kwamba mtoto yuko pasentaili ya 15 anaweza kutoka analia, wakati maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wazima wa umri na jinsia hiyo, 15 hivi wana uzito mdogo kuliko wake. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa kwenye mazingira mazuri, hao ndo foleni yenyewe. Mtoto anayetembea na mstari wake wa 15 mwezi hadi mwezi ana habari tofauti na aliyekuwa 50 afu akashuka mpaka 15, huyo wa pili muulize mhudumu mapema.

Na ile 60 usiifute kimyakimya. Kuna kipimo cha mtakwimu wa Marekani, John Tukey, cha kukamata namba iliyojitenga na wenzake: chukua kwataili ya tatu toa ya kwanza, 14 toa 7 ni 7, zidisha kwa 1.5 unapata 10.5, ongeza juu ya 14 inakuwa 24.5. Chochote kinachovuka hapo kiulizie. Ile 22 haikuvuka, ni usiku mzuri wa kawaida, 60 imevuka mbali. Nikamuuliza mama usiku ule kulikuwa na nini, akacheka, "Walichota mara tatu mpaka ndoo zikaisha wakajaza kwenye maturubai." Kumbe 60 yenyewe ilikuwa ya kukadiria. Tukaiacha kwenye daftari ila tukaiwekea duara.

Tulimpelekea mkopeshaji karatasi moja, ndoo 7, 10 na 14 zimeandikwa kwa mpangilio na tarehe zote kumi na moja chini yake, tukaomba marejesho yakae kwenye 7 maana robo tatu ya usiku anafika hapo au anapita. Jamaa alikaa nayo kama dakika tano, afu akachukua kalamu akaanza kuzihesabu mwenyewe kutoka chini, moja, mbili, tatu.