Somo la uuguzi: kutoka KCSE mpaka wodini, kwa watoto wa Lamu na Malindi

Salaam aleikum na hamjambo nyote. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile: "Dada, mtoto kapata C+, ataingia unesi wa digrii?" Nami huuliza: C+ ya wastani, au C+ ya Kemia? Hapo ndipo mzazi hunyamaza akaenda kutafuta karatasi ya matokeo.

Basi leo naandika hatua zote mahali pamoja, kila mtu ajisomee.

HATUA YA 1: Angalia masomo manne kabla ya wastani

Baraza la Wauguzi la Kenya, NCK, linataka wastani wa C+ na kuendelea. Juu ya hapo uwe na C+ katika Biolojia, C+ katika Kemia, C+ katika Hisabati au Fizikia, na C+ katika Kiingereza au Kiswahili. Moja kati ya hayo manne ikishuka, hata kama wastani wako ni B, mlango wa digrii ya moja kwa moja umefungwa.

Kemia ndiyo inayotumaliza. Ukikutana na shule ambayo watoto wanashika bureti mara ya kwanza wiki ya mtihani, usishangae gredi zikija vile zinavyokuja. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari anayesema anataka unesi, pesa ya tuisheni iende kwenye Kemia kwanza.

Sasa, kustahili si kupata. C+ ni alama 7 kati ya 12. Mtu mwenye C+ tupu katika masomo yote manne ana 28 kati ya 48. KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, hutazama alama zako kati ya hizo 48 pamoja na jumla ya masomo yako saba kati ya 84, kisha inapanga waombaji kutoka juu kwenda chini mpaka nafasi ziishe. Kwa hiyo anayekata kiwango si NCK, ni wenzako walioomba kozi hiyo hiyo. Uuguzi unagombaniwa sana, na mwenye C+ tupu mara nyingi hubaki nje ya vyuo vya umma ingawa kwenye karatasi anastahili.

HATUA YA 2: Kuomba

Unaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, unalipa shilingi 1,500, unapanga machaguo yako. Usijaze uuguzi kila mahali. Weka na kozi jirani ambayo utaikubali kwa moyo mmoja. Kwetu huku chuo cha umma kilicho karibu ni Pwani, pale Kilifi. Wa Malindi anapanda matatu tu. Wa Amu, yaani Lamu mjini, ana boti mpaka Mokowe, kisha basi la Witu na Garsen, na hiyo ni siku nzima imekwenda.

Ukienda chuo cha kibinafsi, uliza maswali mawili na uoneshwe barua: je, chuo kimetambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na je, programu yake ya uuguzi imepitishwa na NCK? Ni vibali viwili tofauti. Chuo halali chenye jengo zuri na bendera mlangoni kinaweza kukusomesha miaka minne katika programu ambayo Baraza halijaipitisha, na bila Baraza hufanyi mtihani wa leseni. Orodha ya vyuo vilivyopitishwa iko kwenye tovuti ya NCK. Isome kabla hujalipa hata senti.

HATUA YA 3: Majina

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watoto wa pwani wanapokwama.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahalima. Shuleni akaandikwa Halima. Kitambulisho kikatoka Mwana Halima, maneno mawili. Huyu Omar, yule Umar. Jina la babu limetangulia kwenye karatasi moja na limekuja mwisho kwenye nyingine. Nyumbani sote tunajua ni mtu mmoja, lakini Baraza halikai baraza moja na nyanya yako. Linataka jina la cheti cha KCSE, la cheti cha kuzaliwa na la kitambulisho yafuatane herufi kwa herufi.

Chukua karatasi hizo tatu leo, ziweke mezani, zisome kwa kidole. Kosa likiwa kwenye cheti cha mtihani, ni la KNEC, baraza la mitihani. Likiwa la kuzaliwa, ni ofisi ya usajili wa raia. Pengine wakili atakuandikia hati ya kiapo, pengine haitatosha. Vyovyote vile mambo haya huchukua miezi, kwa hiyo yaanze mtoto akisubiri matokeo, asingoje mpaka kesho yake anaripoti chuoni. Na aliyefika miaka 18 bila kitambulisho, aende kukitafuta.

HATUA YA 4: Pesa

Kupewa nafasi na KUCCPS hakuleti pesa. Ombi la mkopo wa HELB na ufadhili wa serikali ni ombi jingine, na basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, ni jingine tena, kila moja na fomu yake na chifu wake wa kutia muhuri.

HATUA YA 5: Indeksi

Ukishaingia chuoni, chuo kinakuandikisha NCK kama mwanafunzi na unapewa namba ya indeksi. Usikae ukidhani imefanyika. Nenda ofisini, uliza, uione namba yako.

HATUA YA 6: Kabla ya kuingia wodini

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Hesabu mwenyewe. Anayengoja mpaka barua ya kwenda hospitali itoke ataingia wodini na dozi moja mwilini. Pia utapimwa kifua kikuu, na kadi zote utaziweka pamoja na barua ya chuo.

Sare ifuate kipimo cha chuo, si cha fundi wako. Viatu vyeusi vilivyofunika vidole, visivyopiga kelele. Saa ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde, kwa sababu utahesabu mapigo na pumzi kwa dakika nzima, na simu haitolewi mbele ya mgonjwa. Kucha fupi. Hina, wallahi, ngojeni likizo, hasa ile nyeusi ya piko. Msimamizi anataka kuona kucha zako.

HATUA YA 7: Wodini na logibuku

Utazungushwa: wodi za wanaume na wanawake, watoto, upasuaji, kliniki ya wajawazito, leba, afya ya akili, afya ya jamii. Kila mahali pana shughuli za kufanya na kusainiwa kwenye logibuku, daftari lako la mazoezi. Idadi ikipungua hukamilishi kozi, hata ukiwa wa kwanza darasani.

Nitoe mfano wa leba. Mama amefika, uchungu umekolea, unafungua partografu, ile karatasi ya grafu ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto unayasikiliza kila nusu saa na kuyaweka nukta kwenye grafu. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mlango wa kizazi unapimwa kila saa nne. Kuna mstari wa tahadhari, na nukta zako zikiuvuka, hungoji, unamwita sista. Mwanafunzi mzuri namjua hapo: nukta zake ziko kwa wakati, hazikujazwa kwa mkupuo baada ya mtoto kuzaliwa. Tunajua, jamani. Nukta za kubuni huwa zimenyooka mno.

Saini ichukuliwe siku ile ile. Sista aliyekusimamia leo kesho yuko zamu ya usiku, wiki ijayo yuko likizo Kizingitini. Logibuku usiiweke mkobani na chupa ya maji, na ukivuka kwa boti kusi ikiwa kali, ifunge ndani ya plastiki.

Miaka minne ikiisha, kuna mtihani wa leseni wa NCK na mwaka mmoja wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini.

MASWALI YENU

Kijana wa Faza: Dada, nina B- ya wastani, Biolojia B, lakini Kemia ni C. Nifanyeje?

Digrii ya moja kwa moja haipo, usipoteze ombi. Fikiria diploma. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inapokea wastani wa C, na ina kampasi Lamu na Kilifi. Ukimaliza na kusajiliwa kama muuguzi, unaweza kupanda digrii ukiwa tayari kazini. Kurudia KCSE pia ni njia, ila uwe na hakika kilichokuangusha ni Kemia yenyewe na si uvivu.

Mama wa Shela: Binti yangu ana hofu ya hijabu, na kuhudumia wanaume.

Hijabu, Mwana, huvaliwa: fupi, imeingizwa ndani ya sare, bila pini za kuning'inia. Rangi chuo ndicho kinachosema. Mikono ndiyo yenye masharti, maana ukimhudumia mgonjwa lazima mkono uwe wazi hadi kiwiko uoshwe vizuri, na hilo aliulize chuoni mapema asije akashtuka siku ya kwanza. Wanaume atawahudumia, hakuna digrii ya nusu ya wagonjwa. Na wavulana wataingia leba. Mama akimkataa mwanafunzi wa kiume, ni haki yake. Kijana anashukuru kwa adabu, na sista anamtafutia mama mwingine aliyeridhia.

Mzee wa Malindi: Mwanangu hawezi kufanya mafunzo yote hospitali ya hapa nyumbani, tukaokoa nauli?

Yote, hapana, mzee wangu. Chuo ndicho kinachopanga, kwa makubaliano na hospitali. Afya ya akili, kwa mfano, wengine hupelekwa hospitali ya Mathari, Nairobi. Tenga nauli na kodi ya chumba tangu mwaka wa kwanza.

Mwanafunzi wa Mpeketoni: Nikijichoma na sindano nikamwambia mtu, nitafukuzwa?

Hufukuzwi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye kidonda, mwambie msimamizi wa zamu pale pale. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28. Iandikwe kwenye kitabu cha ajali, tarehe na saa, na wewe ubaki na nakala.