Kiwanja Kidogo Tanga: Gawa Upepo Kabla ya Kugawa Vyumba

Nilipokuwa naanza kazi ya kuchora ramani za nyumba, nilimjazia mama mmoja wa Ngamiani vyumba vinne kwenye kiwanja cha mita 12 kwa 20. Kila chumba alichotaka alikipata. Mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto, nilipita kwake saa nne usiku nikamkuta amejilaza uani juu ya mkeka. "Mwanangu, humo ndani hakulaliki," akaniambia. Niliingia, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ulikuwa bado na joto la jua la jioni. Kosa lilikuwa langu, na hatua hizi nazifuata tangu usiku ule.

Hatua ya 1: Kakae kiwanjani

Kabla ya kushika kalamu, chomeka mti kila pembe ya kiwanja na ufunge kitambaa chepesi. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Nenda asubuhi, nenda alasiri, rudi usiku. Andika kitambaa kinapepea kuelekea wapi na kivuli cha nyumba ya jirani kinaishia wapi.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Ona kwamba zote mbili zina mashariki ndani yake. Magharibi ndiko jua la jioni linakopiga ukuta bila huruma, na ndiko upepo unakopeleka moshi na harufu. Ukilielewa hili, nusu ya ramani imeshajichora.

Hatua ya 2: Tenga uwazi kwanza

Wengi hugawa vyumba, kisha kinachobaki ndicho huitwa ua. Fanya kinyume chake. Kwenye kiwanja kama kile cha mita za mraba 240, mimi huacha mita 1.5 kila ubavu, mita 3 mbele kwa ajili ya baraza na mita 5 nyuma kwa ajili ya ua. Inabaki nafasi ya 9 kwa 12. Ndani yake nakata tena ua mdogo wa 3 kwa 4, wazi juu. Nyumba inabaki na mita za mraba 96: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo na stoo vinaenea. Umbali wa kuacha mpakani uulize kwanza halmashauri, maana ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi.

Mteja akiuona huo ua wa ndani hulalamika kwamba nimemlia chumba. Lakini hewa ya moto hupandia hapo ikatoka, na vyumba vinavyopakana nao vinapata dirisha la pili. Wazee wetu walilijua jambo hili: baraza mbele, ukumbi katikati, ua nyuma, ukifungua milango miwili, upepo unapita nyumba nzima. Kwa yule mama tulibomoa chumba cha nne tukakifanya ua, na matofali yake tukajengea karo la kufulia.

Hatua ya 3: Panga vyumba

Vya kulala viweke mashariki. Choo, stoo na jiko viweke magharibi, vibebe lile jua.

Hatua ya 4: Madirisha mawili mawili

Upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Kila chumba cha kulala kipe madirisha kwenye kuta mbili tofauti, au dirisha moja na matofali ya matundu juu ya mlango. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu: ukilipia la mita 1.5, umepata upepo wa sentimita 75. Mimi napendelea la kusukuma nje, au luva za mbao. Wavu wa mbu nao hupunguza kasi ya upepo, kwa hiyo ongeza upana.

Hatua ya 5: Paa lenye upenu

Hapa nasema wazi: paa la kuficha, lile lililozungushiwa ukuta juu, halifai pwani kwenye kiwanja kidogo. Maji ya masika hutuama nyuma ya ukuta ule yakapenya, na kuta zote zinabaki uchi juani.

Toa upenu wa sentimita 90. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana la Juni hukaa upande wa kaskazini, na upenu huo unatia ukuta wa kaskazini kivuli cha zaidi ya mita 1.5. Kwa kuwa uliacha mita 1.5 mpakani, maji hayamdondokei jirani. Bati liwe la rangi nyeupe au ya kung'aa, dari isikose, na acha matundu ya hewa kati ya dari na bati.

Hatua ya 6: Vuna mvua

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 25, ni lita 2,500. Toa zinazopotea, utapata kama 2,000. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua tatu za namna hiyo. Weka njia ya kumwaga maji ya mwanzo, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kisima cha maji ya kunywa usichimbe hapa. Hushauriwa kiwe mita 30 kutoka shimo la choo, na urefu wote wa kiwanja chako ni 20.

Hatua ya 7: Vifaa

Mchanga wa baharini usiuguse: chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Matofali ya saruji yamwagilie maji siku 7 bila kuruka.

Hatua ya 8: Chora ardhini

Kabla ya kupeleka ramani kuombea kibali, ichore kiwanjani kwa chokaa, ukubwa wake halisi. Mwite atakayelala humo. Tandika mkeka pale kitanda kitakapokaa, chomeka mti wenye kitambaa kwenye kila dirisha, mkae pamoja mpaka jua lizame. Kitambaa kikilala, chukua ufagio, futa mstari, chora tena.