Jinsi ya kutengeneza mpini wa upanga wa Luke kwa bomba la reli ya ngazi

Wadau, ule mpini wa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker kwenye filamu ya Star Wars ya 1977 kiukweli ulitoka kwenye vitu vya dukani. Ni mpini wa flashi ya kamera, Graflex ya Marekani, zile walizokuwa wanatumia waandishi wa magazeti zamani, na Roger Christian aliyekuwa anapamba seti akaupata duka la kamera London, akabandika vipande vya mpira vyenye umbo la T kwa supaglu, akaweka na kaukanda ka kioo cha kalkuleta, basi. Ndo maana nauheshimu sana, yaani ni bomba tupu, ukikosea kipimo huna pa kujificha.

Hatua ya 1: pata unene
Usipime skrini. Mimi wa kwanza niliupima skrini na rula nikatoka na kitu kinene kama mchi wa kutwangia, kumbe kitu kikiwa karibu na lenzi kinaonekana kimevimba. Tafuta kitu ambacho saizi yake haibadiliki. Ile flashi ilikuwa inakula betri tatu kubwa, zile za D za tochi za kizamani, na betri hiyo ina urefu wa mili 61.5 na unene wa kama mili 34, kwa hiyo ndani lazima betri ipite na nje unakuja kwenye inchi moja na nusu hivi, mili 38. Ukishakuwa na hiyo 38 unaitumia kama rula yako kwenye picha ya Graflex yenyewe, iliyopigwa ubavuni kwa mbali, vipimo vingine vyote unavitoa hapo.

Hatua ya 2: bomba
Nenda kwa fundi anayechomelea reli za ngazi za stenlesi, bomba za inchi moja na nusu ndo chakula chake na vipande vimejaa chini. Nenda na betri mfukoni. Ukuta wa mili 2 betri inagoma, wa 1.2 au 1.5 inateleza vizuri. Fundi wangu aliuliza, "bosi, kapande haka unafanyia nini?" nikamwambia upanga, akacheka akanipa bure.

Mimi nilikata sentimita 27. Asikukatie kwa grainda lakini, stenlesi ikipata moto inageuka bluu na kuitoa hiyo bluu ni kazi nyingine, chukua msumeno wa chuma uvumilie. Kupata mkato ulionyooka zungusha karatasi yenye ukingo ulionyooka, kingo zikikutana bila kupishana ndo mstari wako huo, kata nje kidogo ya mstari halafu malizia na tupa.

Hatua ya 3: vipande saba (hapa ndo watu wanaharibu)
Vile vipande vya mpira vya umbo la T viko 7, vinapangwa kuzunguka sehemu ya chini ya bomba, na watu wanapima pengo moja, wanahamia la pili, la tatu... ukikosea nusu mili kila mara, la mwisho limekula mili tatu na nusu, na jicho linaona hata kama mtu hajui kilichokosewa. Mimi nafanya hivi: nakata ukanda wa karatasi unaozunguka bomba mara moja kamili, unakuja kama mili 120. Kugawa 120 kwa 7 kwa rula ni mateso, kwa hiyo nachukua daftari la mistari, nalaza ukanda kimshazari, ncha moja kwenye mstari wa kwanza na nyingine kwenye wa nane, kila mstari unapokata ukingo naweka alama. Umeshagawa sawasawa bila hesabu! Rudisha ukanda kwenye bomba, hamisha alama, halafu laza kipande cha chuma cha engo (chenye umbo la L) juu ya bomba, kinakaa chenyewe kimenyooka, chora mistari ya urefu.

Mpira waulize mafundi madirisha ya aluminiamu, raba zao zinafanana na T, ukikata na wembe mpya unapata kingo safi. Piga msasa sehemu ya kubandika tu, supaglu haipendi stenlesi iliyong'aa.

Hatua ya 4: kaukanda ka kalkuleta
Kanakaa kwenye klampu ya katikati, kile kibano kinachozunguka bomba. Zile kalkuleta za zamani zilikuwa na vivimbe angavu vya kukuza namba, kwa hiyo chukua plastiki angavu, dondoshea gundi ya epoksi angavu kwa bomba la sindano, tone moja moja, hesabu vivimbe kwenye picha ya upanga wenyewe. Nilitupa vikanda vitatu kabla matone hayajalingana, mkono ukitetemeka acha kwanza ukanywe chai.

Klampu yenyewe ni bati nene, na kitufe chekundu chochote cha swichi kinatosha ila kiwe kidogo, kikubwa kinageuza upanga kuwa kengele ya mlangoni.

Kuna ukungu mweupe utatokea pembeni ya raba baada ya siku moja, usishtuke, ni mvuke wa supaglu, pitisha pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha kwenye chuma tu, ikigusa kale kaukanda kanafifia na unarudi hatua ya 4.