Matumizi yapi yanapunguza kodi yako: kwa wauza mawese, dagaa na wenye maduka wa Kigoma

Kabla hujagusa risiti hata moja, jiulize: kodi yangu inapigwa kwenye mauzo au kwenye faida? Mimi nauza mawese hapa Mwanga, na kwa kuwa nilisomea uhasibu kidogo, kila Januari wenzangu wa dagaa na wa maduka huniletea madaftari yao. Malalamiko ni yale yale: "Dada, nimelipa pango, nimelipa vibarua, nimelipa gari, mbona kodi haijapungua?"

Haijapungua kwa sababu wengi wetu tuko kwenye makadirio ya mauzo ghafi. Mfanyabiashara mmoja mmoja, siyo kampuni, ambaye mauzo yake hayavuki shilingi milioni 100 kwa mwaka, huwekwa huko. Na huko matumizi hayatolewi kabisa. Ukiuza mawese ya milioni 9, hata kama milioni 8 zimeishia kwa wakulima wa Mahembe na kwa mwenye gari, hesabu inaanzia milioni 9.

Ila hata huko daftari lina faida. Tazama viwango vilivyowekwa mwaka 2019. Anayeuza zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 bila kumbukumbu, analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, kwa hiyo aliyeuza milioni 5 analipa 30,000 tu. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 9 inakuja 150,000. Laki nzima imebaki mfukoni kwa sababu ya daftari. Viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai mosi, kwa hiyo ukifika ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) omba jedwali la mwaka husika.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka wauza mawese na dagaa walisikie vizuri. Sheria inakuruhusu kujitoa kwenye makadirio na kuchagua kutozwa kwa faida. Biashara yetu ina mzunguko mkubwa na faida nyembamba. Chukua mtu aliyeuza milioni 60 na kubakiwa na faida ya milioni 5. Kwa viwango vile vya 2019, kodi yake ya mauzo inazidi kidogo milioni 2. Akitozwa kwa faida, milioni 3.24 za kwanza hazina kodi, na kinachofuata hadi milioni 6.24 kinatozwa asilimia 8, kiwango kilichoanza Julai 2021. Kodi yake ni 140,800. Rudia kuisoma tofauti hiyo. Lakini usikimbilie huko kama matumizi yako hayana karatasi, maana kila usichoweza kukithibitisha kitahesabiwa kuwa faida.

Matumizi gani basi yanakubalika? Kipimo cha sheria ni kwamba yawe yametumika kikamilifu kwa ajili ya biashara, katika mwaka huo huo, ili kupata hayo mapato. Pango la kibanda, umeme, ujira wa vibarua wa kupakia, usafiri wa gari au treni kwenda Dar es Salaam, madumu matupu, magunia, leseni ya biashara, ushuru wa mazao wa halmashauri, riba ya mkopo ulioingia kwenye biashara: yote hayo yanatolewa. Rejesho la mkopo wenyewe halitolewi, ni riba tu, na hapa watu wa vikundi huchanganya sana. Faini hazitolewi, hata ile ya gari lililozidisha mzigo. Rushwa haitolewi. Kodi ya mapato yenyewe nayo haitolewi.

Bidhaa zina hesabu yake. Hutoi kila ulichonunua, unatoa gharama ya kile kilichouzwa. Chukua mzigo ulioanza nao Januari mosi, jumlisha manunuzi ya mwaka, kisha ondoa mzigo uliobaki Desemba 31. Ndiyo maana nawasihi wenzangu siku hiyo wafunge mapema wahesabu madumu stoo, moja moja, waandike na bei ya kununulia. Na dumu ulilopeleka nyumbani kupikia ni la nyumbani. Liandike pembeni, usiliingize kwenye gharama za biashara.

Vitu vya kudumu pia vina utaratibu wake. Ukitengeneza friji la dukani, ufundi na kipuri vinatolewa mwaka huo huo. Ukinunua friji jipya, unatoa kidogo kidogo kama uchakavu: samani na vifaa vya ofisi na duka ni asilimia 12.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki, kompyuta na magari madogo ni asilimia 37.5.

Karatasi sasa. Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi, kila unaponunua. Kisheria hata mnunuzi ana wajibu wa kuidai. Ubaya wake ni kwamba karatasi ile haipendi joto. Iweke miezi mitatu kwenye droo ya kibanda cha mabati, ukiifungua unakuta imekuwa nyeupe, na tarakimu zimeondoka na ushahidi wako. Siku unayoipokea ipige picha kwa simu, halafu itoe fotokopi na kuibana kwenye karatasi ya A4 kwa mwezi wake. Kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe miaka 5, na zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Mkulima wa Mwandiga anayekuuzia madumu manne hana mashine. Mwandikie hati ya malipo: tarehe, jina lake, kijiji, namba ya simu, idadi, bei, jumla, na saini yake au dole gumba. Ukimlipa kwa simu, andika namba ya muamala kwenye hati hiyo hiyo. Hati, muamala na daftari vikisema kitu kimoja, afisa hana sababu ya kukubishia. Na kwa ajili hiyo hiyo uwe na laini ya biashara peke yake. Laini iliyochanganya ada ya mtoto, michango ya harusi na mauzo ni kazi ngumu kuichambua, na nimeshinda nazo usiku.

Kwenye pango kuna asilimia 10 ya zuio. Kama kibanda ni 200,000 kwa mwezi, unakata 20,000 unaipeleka TRA kwa jina la mwenye nyumba, naye unampa 180,000 pamoja na cheti cha zuio. Wenye nyumba wengi hawataki kusikia habari hiyo, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla hujaingia.

Tarehe: mwaka wa kodi kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Awamu za malipo ni Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Anayetozwa kwa faida anapeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yake, ya mwaka uliopita kabla ya Juni 30 kupita.

Wa dagaa, hili ni lenu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na wengi wa Kibirizi waliokuwa wamekadiria Machi kwa kutazama mauzo ya mwaka wa nyuma walibaki na awamu zisizolingana na hali. Makadirio yanaweza kurekebishwa ndani ya mwaka. Nenda kabla ya awamu ya Septemba, ukiwa na daftari la mauzo ya kila mwezi, hati zako za manunuzi na idadi ya magunia yaliyobaki stoo, uwasilishe makadirio mapya kwa maandishi. Nakala iliyogongwa muhuri rudi nayo uifungie pamoja na risiti za mwaka huo.