Kitabu chembamba, mti wenye kivuli: kusoma ukiwa umefiwa kiangazi

Mama alifariki kiangazi kilipoanza. Jua liliendelea kuwaka kama kawaida, nami nililichukia. Ikiwa nawe umefiwa msimu huu, pole sana. Nakueleza yaliyonishika mkono.

Tafuta saa kwanza, kitabu baadaye. Usingizi wa mfiwa hukatika mapema, na joto la usiku huuharibu zaidi. Badala ya kugaragara kitandani, toka alfajiri, wakati ndege wanaimba. Jua likipanda wengi hunyamaza. Keti chini ya mti wenye majani mengi. Majani hutoa mvuke wa maji, ndiyo maana kivuli cha mti hupoza kuliko cha bati. Beba maji, maana mfiwa husahau hata kiu.

Kitabu kiwe chembamba. Wiki za kwanza nilisoma ukurasa mmoja mara nne, na nikifika chini simkumbuki mhusika hata mmoja. Niliogopa, nikadhani akili imeharibika. Kumbe majonzi huvuruga umakini na kumbukumbu, na hali hiyo hulegea taratibu. Nikaweka riwaya kando, nikashika mashairi: ubeti mmoja kwa siku, kwa sauti. Kusoma kwa sauti hutuliza pumzi. Sauti ikikwama kooni, funga kitabu ulie. Hakuna anayekudai ukurasa. Vitabu vya kufundisha namna ya kuomboleza vingoje. Mimi vilinichosha, kila kimoja kilitaka nipone haraka.

Kitabu alichokipenda marehemu usikiharakishe. Cha mama nilikifungua mwezi wa pili. Alikuwa amekunja pembe ya ukurasa wa 63, na sikuikunjua. Siku hiyo sikusoma neno. Sisimizi alipanda kitabuni akiburuta bawa la nondo kubwa kuliko yeye, akafika kwenye lile kunjo, akasita, akazunguka pembeni. Nilimtazama hadi akateremkia nyasini.

Maneno yasipoingia, fanya hivyo: chagua kitu kimoja, gome au jani, ukitazame tu. Ila ukiona wiki zinapita huli, hulali, au unatamani kufa, usibaki peke yako na mti. Mwambie mtu leo hii, na umwone daktari au mshauri.

Mimi huketi hadi kivuli kihame miguuni. Jua likinigusa vidole, naweka jani kwenye ukurasa nilipoishia, narudi ndani kupika.