Kabla ya kumfungulia mtoto wa paka mlango, Goma

Chanjo kwanza. Ya kwanza hupigwa akifika wiki 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho huwa wiki ya 16. Ile ya kichaa cha mbwa huanza wiki ya 12, na kinga yake huchukua wiki 3 hivi kujijenga. Jike afungwe uzazi kabla hajatoka, kwani anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu.

Kisha kagua ardhi, hasa mkikaa upande wa Mugunga au Lac Vert. Huko kuna mazuku: kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi hutuama mashimoni kama maji kwenye karai, haina rangi wala harufu. Mtu aliyesimama anaweza asihisi kitu huku paka miguuni pake amekwisha zama. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, ndipo hujaa zaidi. Ukiona panzi, mijusi au ndege wamekufa shimoni, zuia njia ya kufika hapo, na paka akiingia usishuke kumfuata. Tunalisisitiza hili kwa sababu mtu hujisahau anapomwona mnyama wake analala chini.

Kuta za mawe ya volkano zina matundu. Mtoto wa paka huingia kichwa mbele akashindwa kugeuka. Yazibe kwa mawe madogo. Funika mapipa ya maji. Waulize majirani kuhusu sumu ya panya, maana panya aliyeila humdhuru paka anayemla.

Siku ya kwanza mtoe kabla hajala, mchana, kwa dakika 10, barabara ikiwa na pikipiki chache. Chukudu, ile pikipiki ya mbao ya kusukumwa, iliyojaa mzigo ikiteremka haina injini ya kumwonya. Usimbebe: acha atoke kwa miguu yake, anuse kizingiti, akumbuke njia ya kurudi, na mlango ubaki wazi nyuma yake. Tikisa mkebe wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakavu huku ukimwita kwa jina lile lile. Akirudi mpe wawili watatu papo hapo, kisha mgeuze nyayo uzitazame, kwa kuwa mawe haya hukata ngozi laini ya vidole. Kidonda kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Kesho yake ongeza dakika 5.