Kamera ya DSLR ya bei nafuu: ikague hivi kabla hujatoa hela, kwa wa Mtwara na Lindi

Korosho zikishalipwa huku kusini shughuli hazipoi, wiki hii harusi Shangani, wiki ijayo Mikindani, huko juu Newala na Tandahimba wanatoa wali wa jando na unyago, na kila penye shughuli pana mtu anataka picha. Kwaio kipindi hiki ndo madogo wengi wananipigia wanataka kununua kamera, na karibu wote wanaanza na "kaka hii ina megapikseli ngapi". Ngoja niandike yote hapa, mtu akiuliza namtumia asome, maana kuelezea kwenye simu vocha inaisha na bado hajaelewa.

Tunaongelea zile DSLR ndogo, zenye kioo ndani, ukichungulia kwenye kidirisha unaona kitu chenyewe kupitia lenzi. Kwa Canon ni ukoo wa 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D, na kaka zao kina 600D, 700D na 200D. Kwa Nikon ni D3100 kupanda mpaka D3500, hiyo D3500 ilitoka 2018 na ndo ya mwisho kwenye ukoo wake. Makampuni saivi akili yao yote iko kwenye kamera zisizo na kioo, watu wa nje wanaziachia hizi, na sisi tunazipata mtumba kwa bei ya kueleweka. Hata hivo mtumba ni mtumba, ipo iliyotunzwa na ipo iliyochoka mpaka mifupa.

Halafu kuna suala la majina, hapa wengi wanapigwa. Canon ile ile ina jina lake huku, lingine Marekani, lingine Japani. 600D ndo Rebel T3i na ndo Kiss X5. 1200D ndo Rebel T5, wakati 700D ndo Rebel T5i, yaani herufi moja tu ya "i" na ni kamera mbili tofauti kabisa. Ukiambiwa bei ya T5i hakikisha kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, pameandikwa T5i, usome kwa macho yako.

Megapikseli nazimaliza haraka. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile ya kwenye albamu, ukiisafisha kwa ubora mzuri inataka pikseli 1200 kwa 1800, hapo ni milioni 2 na kidogo. Ukubwa wa A4 haufiki milioni 9. Sasa 1100D ya mwaka 2011 ina milioni 12, kwaio hata ile ya zamani inatosha na chenji inabaki. Kama huchapishi mabango, achana na hiyo namba.

Kitu cha kuulizia ni lenzi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kazi zetu nyingi ni ndani au usiku, ukumbi una taa za rangi, kijijini ni jenereta na taa mbili, na ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ukivuta mpaka 55 inafunguka mwisho f/5.6, ni tundu dogo (namba ya f ikiwa kubwa tundu la mwanga linakuwa dogo). Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya hapo. Mara kumi! Ndo maana picha za mtu mwenye 1200D kuukuu na hiyo 50mm zinatoka safi ukumbini, na mwenye 2000D mpya na 18-55 anahangaika na picha zilizotikisika. Kwaio ukiwa na hela yako usiimalizie yote kwenye bodi, shuka namba moja au mbili chini ubaki na ya lenzi. Ila usiitupe 18-55, maana sensa za hizi kamera, kile kibati cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, 50mm kwenye Canon inaona kama 80mm, kwa picha ya sura ni tamu sana lakini ukitaka kupiga ukoo mzima sebuleni utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta.

Wa Nikon mna jambo lenu la ziada. Bodi za D3000 na D5000, na wadogo zao wote, hazina mota ya fokasi (ya kuifanya picha iwe kali) ndani, mota inatakiwa iwe kwenye lenzi. Sasa utauziwa 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, ukifunga haifokasi, unazungusha kwa mkono, bibi harusi keshapita. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Zile za AF-P nazo hazifokasi kwenye D3100 na D3200. Lenzi za Canon za EF na EF-S zina mota zake, huko hakuna kuumiza kichwa. Lakini kama watu unaofanya nao kazi wote wana Nikon, we chukua Nikon, kuazimana lenzi na betri ni faida kubwa kuliko ubishi wa kampuni.

Flashi nayo. Angalia pale juu kwenye reli ya chuma ya kuchomekea flashi, katikati pawe na kiduara cha chuma. 2000D na 4000D zimetoka kiwandani bila hicho kiduara, kwaio zile flashi za kichina za bei poa zenye pini moja, pamoja na triga zake (vidude vya kuwashia flashi kwa mbali), haziwaki. Kama unategemea kupiga passport na taa za studio hilo peke yake linaweza kukufanya uchague 1200D au 1300D. Na 4000D mi binafsi siipendi, mdomo wake wa kufungia lenzi ni plastiki na skrini yake ni ndogo, labda uipate kwa bei ya chini sana.

Video naigusa tu. 1100D inaishia 720, chini ya Full HD, hiyo iache. 1300D, 2000D, 4000D, D3400 na D3500 hazina tundu la maiki, sauti utarekodi pembeni na simu. 600D na 700D zina tundu, ila 600D klipu ikifika ukubwa wa GB 4 inakata yenyewe, kama dakika 12 hivi ukiwa kwenye Full HD, kwaio shehe akiwa anafungisha ndoa inabidi uwe macho. Kama unataka video inayofokasi yenyewe bila kuyumbayumba, 200D, lakini bei yake nayo inapanda.

Haya, umefika dukani, au jamaa kakuletea kijiweni. Uwe na memori kadi yako mwenyewe, simu yenye tochi, na muda. Na betri iwe imejaa, ile ya "betri imeisha chaji bosi ila kamera nzima" mwambie achaji, utasubiri.

Anza na fangasi, maana huku pwani ndo ugonjwa namba moja wa lenzi, joto lipo, unyevu upo, na kuanzia Desemba mvua zikishika mpaka Aprili hewa yenyewe ni kama imelowa. Toa lenzi kwenye bodi, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma halafu chungulia mbele ukiwa unaiinamisha inamisha taratibu. Vumbi utaliona kama vidoti vilivyotawanyika, hivo havina neno. Fangasi inakaa kama mizizi myembamba au utando wa buibui, mara nyingi inaanzia pembeni ya kioo inaelekea katikati. Wakati mwingine ni ukungu tu mweupe umetanda ndani, ukifuta nje hautoki. Ukiona hivo rudisha, hata ukiambiwa fundi atasafisha, kwa sababu fangasi ikikaa sana inakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo hata fundi wa aina gani hairudi. Kuna ambao hawapigi tochi kabisa, wanaangalia kioo cha mbele kinang'aa wanatoa hela.

Ukiwa na tochi hapo hapo mulika skrubu za chini na tundu la betri. Chumvi ya bahari inaacha kutu ya kahawia kwenye skrubu na ukijani kwenye vile vichuma vya betri. Kamera iliyokaa Msimbati au Kilwa ufukweni utaijua pia kwa kuzungusha zuumu, ikilia krr krr kuna mchanga. Funga lenzi, itikise kidogo, isicheze sana. Ukikuta Canon inaandika Err 01 ni kwamba lenzi na bodi havisikilizani, futa vile vichuma kwa kitambaa kikavu ujaribu tena, ikirudia achana nayo.

Sasa piga. Omba chupa tatu za soda, zipange kwenye kaunta kwa mshazari, moja mbele, moja katikati, moja nyuma, fungua lenzi mpaka mwisho, chagua nukta ya fokasi ya katikati na lenga maandishi ya chupa ya kati. Piga kadhaa ukiwa kwenye 18 na kadhaa kwenye 55, halafu kuza kwenye skrini mpaka mwisho. Maandishi ya chupa ya kati ndo yawe makali kuliko mengine. Kama kila mara kali ni ya mbele au ya nyuma, fokasi imehama, na hizi kamera ndogo nyingi hazina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu.

Toka nje, weka f/22, lenga anga isiyo na mawingu, piga. Vidoti vyeusi utakavoona ni vumbi kwenye sensa, linasafishika, tumia kuombea punguzo. Mstari uliochongoka ambao hauondoki hata ukisafisha huo ni mkwaruzo, hapo hakuna punguzo, hapo unaondoka. Ukiwa bado nje rudisha lenzi iwe wazi, peleka spidi 1/4000, piga anga tena. Picha iwe na mwanga sawa kushoto kulia juu chini. Ukiona ukanda mweusi upande mmoja ujue shata, lile pazia la ndani linalofunguka ukipiga, imechoka, na kubadilisha shata ya kamera ya bei hii mara nyingi haina maana, bora uongeze hela uchukue nyingine.

Rudi ndani, funga kifuniko cha lenzi, iwe giza tupu, weka lenzi kwenye fokasi ya mkono la sivyo itagoma kupiga, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 1600, spidi sekunde 1, piga. Kuza. Nukta moja mbili za rangi hazikunyimi usingizi, zikiwa kama nyota za Lindi usiku sensa imezeeka.

Idadi ya picha ilizopiga inaangaliwaje? Kwa Nikon namba inajificha ndani ya kila picha ya JPEG, tuma picha yenyewe kwenye kompyuta, sio kwa WhatsApp maana WhatsApp inafuta hizo taarifa, kisha fungua na programu ya kusoma EXIF, ndo hizo taarifa zinazojificha kwenye picha. Nikon wenyewe walisema shata ya D3300 imejaribiwa mara 100,000, kwaio ukikuta 20,000 bado kijana na ukikuta 95,000 jadiliana bei kwa ukali. Canon nyingi haziandiki hiyo namba kwenye picha, inabidi uchomeke waya wa USB na programu maalumu, na sio kila modeli inakubali. Usidanganywe na jina la faili, IMG_0350 haimaanishi imepiga picha 350, ikifika 9999 inaanza upya na mtu anaweza kuirudisha sifuri muda wowote. Hapo angalia mpira wa kushikia na vitufe vilivyofutika maandishi, mikono ya watu haifichiki.

Ukishanunua usiiweke kabatini ndani ya begi la ngozi. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tupia vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ndo chumba chake. Mchele wa kuikaushia usiuweke, una vumbi. Na ukitoka kwenye ofisi ya AC kwenda juani iache kwenye begi kwanza ipate joto, la sivyo kioo kitaota ukungu na unyevu huo ndo fangasi inautaka.

Wengi mtaagiza Kariakoo ije kwa basi, sawa, ila kabla ya kutuma hela omba muuzaji akupigie video akiwa ameishika hiyo hiyo kamera, amulike lenzi kwa tochi kama nilivoelezea, akuoneshe namba iliyochongwa chini ya bodi. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti, pamoja na siku za kurudisha kama ina tatizo. Mzigo ukifika stendi fungua pale pale, linganisha namba, ndo uondoke.